Bibi Harusi Niliyemvusha Mwenyewe

Mpanda, Jumatatu jioni. Kiangazi kimepamba moto, vumbi limetanda mji mzima, na mimi nina hasira tangu nilipoamka.

Mkono wa kulia umevimba, kalamu naishika kwa tabu. Juzi Jumamosi, kwenye harusi ya kwanza kupiga picha peke yangu, nilimtwanga mwanaume kwa flashi mpaka sikio likachanika. Watu wanategemea nijute. Sijuti. Ningekuwa na flashi nyingine ningemwongeza.

Mzee Nasoro, mwenye studio ninayofanyia kazi hapa mjini, hajawahi kumtuma mwanamke harusini. Mimi kazi yangu ni picha za pasipoti: kaa wima, inua kidevu, usicheke. Wiki iliyopita mgongo ulimshika, naye alikuwa ameshawaahidi watu wa Mwese, upande wa bwana harusi. Akanikabidhi kamera shingo upande. "Wewe angalia jua," akaniambia. "Mengine yatajipanga."

Nikapanda lori la mahindi, kifua mbele kama nimeajiriwa Ikulu.

Na jua nikaliangalia. Hilo ndilo kosa langu lote.

Kule milimani Mwese, siku ya kumtoa binti, watu wa mume wanakaa upande mmoja wa uwanja na watu wa mke upande wa pili. Katikati panaachwa wazi. Bibi harusi havuki pale mpaka baba yake mkubwa amshike mkono, aseme maneno ya ukoo, ndipo amkabidhi. Sikuambiwa. Nimekulia mjini, harusi ninazozijua watu wanatoka kanisani wanaingia ukumbini.

Nilichokiona mimi ni kwamba jua liko mgongoni kwa watu wa mke, na huyu binti, Yustina, nikimpiga pale atatoka kivuli kitupu. Wazee walikuwa bado wanapokezana pombe. Nikaenda, nikamshika mkono, nikamvusha uwanja hadi kwa mwanaume wake, Gervas. "Simama hapa, dada, mwanga ukupate vizuri." Alinitazama kwa mshangao, lakini akaja. Nikarudi nyuma, nikaanza kuzungusha lenzi.

Uwanja mzima ukageuka kunitazama.

Kisha kaka mkubwa wa Yustina, Deo, akaruka kutoka kwenye benchi. "Nyie mmemleta huyu mwanamke atuibie dada yetu!"

Hakuna aliyesubiri jibu. Mabenchi yalipaa. Mjomba wa Gervas alipigwa kigoda cha mdomo, akatema meno mbele ya miguu yangu. Mchi ulimshukia Gervas kwenye paji la uso, damu ikalowesha shati jeupe lililonyooshwa asubuhi hiyo hiyo. Mtungi wa pombe ulipasuka, watu wakateleza, wakaangukiana, wakaendelea kung'atana wakiwa chini. Akina mama waliokuwa wanaimba walishikana nywele. Kuna mtu alikuwa analia kwa sauti nyembamba na hakuna aliyemjali.

Na mimi nilikuwa nabonyeza.

Ndiyo, nilikuwa naogopa, lakini kidole hakikuacha. Deo akaniona. Akaukamata mkanda wa kamera, akanikaba nao, huku mkono mwingine unatafuta pa kuifungulia, mwanga uingie, filamu yote iungue. Pumzi ilinikatika. Nikaichomoa flashi, nikampiga. Pigo la kwanza lilimshangaza, la pili akaachia. La tatu halikuwa na kazi yoyote, nilimpiga tu kwa sababu nilitaka. Flashi ikapasuka mkononi na nikaona raha, Mungu anisamehe.

Baba mkubwa ndiye aliyewatenganisha, kwa fimbo na matusi. Uwanja ulipotulia akamwita Yustina arudi upande wao, na wageni waende zao. Harusi ingezungumzwa upya baada ya mavuno mengine, kama ingezungumzwa.

Yustina alikuwa amepakata kichwa cha Gervas, anamfuta damu kwa shela.

"Nimeshavuka, baba. Sirudi."

"Basi hata nikifa usije kunizika."

Baba mkubwa akasema hivyo, mbele ya watu wote. Mama yake Yustina alinyanyuka, akarudishwa chini na shemeji zake.

Tukaanza kukusanya majeruhi. Ndipo Yustina akaniita. "Dada, tupige sasa." Jua lilikuwa limeshaingia nyuma ya mlima, flashi haipo, mkono umeshaanza kuvimba. Nikawapiga hivyo hivyo, wamesimama kwenye matope ya pombe. Nikabonyeza mara moja, filamu ikaisha.

Leo mchana mlango wa studio ukafunguliwa, nikamwona mama yake Yustina. Nilidhani Deo yuko nyuma yake. Nikashika mkasi.

Alikuwa peke yake, miguu imejaa vumbi. Akaketi kwenye kiti cha pasipoti bila kukaribishwa. Nilijiandaa kutukanwa, na majibu nilikuwa nayo mengi. Nani aliniambia mila zenu? Mbona hamkuniita pembeni mnieleze?

"Mwanangu," akasema, "Yustina ulimpiga picha?"

"Nilimpiga, mama. Mwishoni, na mume wake."

"Alikuwa analia?"

Sikujua. Nilikuwa naangalia lenzi, sikumwangalia yeye.

"Nimekatazwa kukanyaga kwake," akasema. "Na yeye kwangu. Hiyo picha usimpe mtu mwingine. Nipe mimi, hata kama analia."

Nikamwambia ipo. Nimemwambia ipo kama vile nimeshaiona.

Alipotoka nililia, na si kwa ajili ya mkono. Tangu Jumamosi nimekuwa namlaani Deo, namlaani baba mkubwa, namlaani Mzee Nasoro na jua lake. Ni rahisi kuwa na hasira na wanaume wenye michi. Lakini aliyemshika yule binti mkono ni mimi.

Filamu za rangi zinasafishwa Tabora. Kwa kawaida tunampa mfanyakazi wa treni apeleke. Hii simpi mtu. Nitakwenda nayo mwenyewe, Mzee Nasoro akitaka anifukuze kazi.

Nimeshamchukulia mtoto. Picha nayo ikitoka giza tupu, nitamwambia nini yule mama?