Safu ya Nne

Pallai,
Jumamosi jioni

Mpendwa Kaka Kuganesan,

Pokea salamu zangu nyingi, za Mama, na za mwanangu Abinaya ambaye sasa ananipita mabega na anavaa viatu vyangu bila kuomba. Tunatumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Wifi na mtoto, na kwamba baridi ya huko imeanza kuwaonea huruma. Mama anauliza kama mgongo wako umepona au bado wanakubebesha masufuria makubwa huko jikoni. Anasema umwambie bosi wako kwamba mgongo haununuliwi sokoni.

Sisi huku tunaendelea vizuri. Goti la Mama linamsumbua akiamka asubuhi, lakini ukimwambia apumzike anakuuliza biringanya zitamwagiliwa na nani. Joto limekuwa kali mapema mwaka huu. Kisima cha nyumbani kimepungua maji, bado hakijakauka. Abinaya amefaulu hesabu na ameshindwa historia, na mwalimu wake akanieleza kwamba mtoto hakubali kuandika jambo ambalo hakuliona. Nilicheka, halafu nikamkemea kama inavyonipasa.

Nimeona nikuandikie badala ya kupiga simu. Unajua nyumba yetu ilivyo: nikishika simu Mama anasogea, jirani naye anasogea, na kila mmoja ana la kwake la kukwambia. Barua hii anakuja nayo Mwalimu Pathmanathan, ambaye anakuja kumtazama binti yake. Nimemwomba akukabidhi wewe mwenyewe. Isome ukishakula na kupumzika.

Kazi ya kutegua mabomu ya ardhini inaendelea. Nilipokwambia mwaka jana kwamba wamenifanya kiongozi wa kikundi, ulinyamaza hata nikadhani simu imekatika. Baadaye ukaniuliza kama wanatupa kofia na kioo cha kukinga uso. Wanatupa, Kaka. Wanatupa vyote, pamoja na lile koti zito la kifuani linalotupika kama vitumbua ikifika saa ya jua. Kikundi changu ni wanawake peke yao, karibu wote vita viliwaachia watoto bila waume. Tunachuchumaa kila mmoja kwenye kijia chake chembamba, tunavuta mchanga kwa reki kidogo kidogo, tunatazama, tunavuta tena. Mtu akituona kwa mbali atadhani tunapalilia.

Sasa nikueleze habari ya Nageswari. Humjui, maana alihamia hapa baada ya wewe kuondoka. Ni mwanamke mfupi, mweusi, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Ndiye anayetuchekesha garini asubuhi, watu wakiwa bado hawajaamka vizuri. Kila siku anapaka majivu matakatifu kwenye paji la uso, halafu anapaka na kwenye kofia, anasema mungu Pillaiyar asije akachanganyikiwa amlinde kichwa aache kofia, akatwe mshahara. Jirani yake kwenye kazi ni Jeyarupa, mrefu, mkimya, mwenye mkono mtulivu kuliko wetu sote. Hawa wawili walikuwa hawasemezani. Mbuzi wa Nageswari aliingia kwa Jeyarupa akala miche yote ya pilipili, na Nageswari badala ya kuomba radhi akasema mbuzi ndiye anayestahili kuombwa radhi, maana ameharisha tangu siku hiyo. Basi wakanuniana. Garini walikuwa wakinipitishia mimi maneno. “Mwambie huyo ajisogeze.” “Mwambie huyo gari si la baba yake.” Na wamekaa bega kwa bega.

Sehemu tuliyokuwa tukifanyia kazi tulidhani tumeielewa. Mabomu yake ni yale ya visanduku vidogo vya mbao, yaliyotengenezwa kwa mikono, na yalikuwa yamepangwa vizuri, safu tatu, kila kimoja mahali pake. Ukishapata viwili unajua cha tatu kiko wapi. Tulitoa safu ya kwanza, ya pili, na ya tatu. Baada ya hapo kulibaki ukanda wa mwisho ambao sheria inataka usafishwe hata kama hauna kitu, na kwa muda mrefu haukuwa na kitu. Mizizi ya mitende ya mivumo tu, na makopo. Bwana Ratnasingam, msimamizi wetu, alikuwa ameshaanza kuzungumzia kuwarudishia wenyewe ardhi yao.

Ilikuwa baada ya mapumziko ya chai. Nilikuwa nimepita nyuma ya Nageswari nikamkagua. Nakwambia hili kwa sababu watu wameuliza sana: kioo cha uso alikuwa amekishusha, koti amelifunga, reki ameishika inavyotakiwa. Hakuna alichokosea. Nilimwacha, nikaenda upande wa pili, na mlipuko ukatokea mgongoni kwangu.

Si mlipuko mkubwa. Ni kama mlango mzito umebamizwa. Nilipiga filimbi, na wote wakaganda walipo, kama tulivyofundishwa. Nilipogeuka, vumbi lilikuwa bado juu, na ndani ya vumbi nikamwona Nageswari anasimama. Hilo ndilo lililoniua, Kaka. Angelala palepale kwenye kijia chake, tungemfikia mara moja. Lakini mchanga na damu vilikuwa vimemziba macho, hakujua alipo. Akasimama, akayumba, akavuka vile vijiti vyekundu vya mpaka, akaingia upande ambao hatujaugusa. Nilipiga kelele hata sauti ikakatika. Alitembea kama mtu anayetafuta mlango gizani, halafu akaanguka kifudifudi.

Sheria inasema hakuna kumkimbilia. Anayekimbia anakuwa majeruhi wa pili, na wa kwanza anabaki bila wa kumsaidia. Sheria hii ninaifundisha mimi. Ninawafundisha wageni kila wanapoajiriwa, nikiwa nimesimama mbele na fimbo, nikiwauliza: mwenzako amelia, utafanya nini? Na wao wananijibu kwa pamoja: nitasimama. Sasa nilisimama mwisho wa kijia, mhudumu wa huduma ya kwanza amechuchumaa kando yangu na mkoba wake wa bendeji, na kati yetu na Nageswari kulikuwa na kipande cha mchanga ambacho Abinaya angekiruka akicheza.

Jeyarupa hakungoja kuitwa. Alichukua reki yake, akapiga magoti ukingoni, akaanza kufungua njia kuelekea kwake. Kuvuta, kutazama, kuvuta. Sikuweza kumharakisha. Sikuweza kumsaidia, maana kijia kina nafasi ya mtu mmoja. Kazi yangu ilikuwa kuzungumza tu.

Nikamwambia Nageswari asisogee hata kidogo, tunakuja. Akaniuliza, “Chelvi, mkono wangu uko wapi?” Glavu yake niliiona, ilikuwa imetupwa karibu na kijiti. Nikamwambia nilipo mimi sioni vizuri. Akasema, “Mimi ndiye sioni, wewe una macho mawili.” Akataka kujiinua kwa ule mkono mwingine. Nikamfokea kama mbwa. Nilimtukana, Kaka, nikamwambia akijisogeza nitamfukuza kazi. Akatulia.

Kisha Jeyarupa akainua kiganja, ishara ya kusimama. Alikuwa amekuta kingine. Kisanduku cha mbao kilekile, kimeoza pembe moja, mahali ambapo hapakupaswa kuwa na kitu. Ilibidi akiache kama kilivyo, akiwekee alama, akizunguke, aanze njia upya kutoka pembeni. Tulikuwa tumemkaribia, tukawa mbali tena. Mhudumu alianza kulia kimyakimya. Wale wanawake wengine walikuwa wamesimama kila mmoja kwenye kijia chake, hawawezi kuja, hawawezi kukaa, wameshika reki kama fimbo. Niliomba kwa kila mungu ninayemjua, na mikono yangu ilikuwa imening’inia haina la kufanya.

Nageswari akanyamaza. Nikamwita, hakujibu. Nikamwita tena. Ndipo Jeyarupa, bila kuinua macho kutoka kwenye mchanga, akasema kwa sauti kubwa, “Wewe mwizi wa pilipili, umelala? Mbuzi wako ana deni kwangu.”

Halafu sauti ikatoka pale chini, ndogo kama ya mtoto: “Pilipili zenyewe hazikuwa na ukali. Mbuzi alizitema.”

“Alizitema zikiwa zimeshakwisha?”

“Alikuwa na adabu. Alionja zote kwanza.”

Wakaendelea hivyo, wale watu ambao hawakusemezana tangu miche ilipoliwa. Jeyarupa anavuta mchanga na kutukana, Nageswari anajibu, kila jibu fupi kuliko lililotangulia, mpaka Jeyarupa akamshika kifundo cha mguu. Hapo akaacha matusi. Akasema tu, “Nimekushika, dada.” Mhudumu akapita, akambana mkono kwa kamba, tukaleta machela. Jeyarupa alipotoka nje ya vijiti aliketi chini, akatapika.

Yuko hai. Mkono wa kulia wameukata chini ya kiwiko. Jicho moja limekwenda, la pili madaktari wanasema tusubiri, na wanavyolisema hawatutazami. Kioo cha uso kilimwokoa fuvu, lakini mchanga ulipita kwa chini. Jeyarupa anakwenda hospitali kila jioni na pitu ya moto ya unga wa mchele na nazi, anamlisha kwa mkono. Anamwambia hiyo sambali ya nazi ina pilipili za dukani, kwa hiyo ale kwa adabu. Mimi nilikwenda, nikakaa kitandani kwake. Aliniuliza jambo moja: “Chelvi, nilikosea wapi?” Nikamwambia hukukosea. Akasema afadhali angekuwa amekosea, maana hapo angejua.

Wakubwa wamekuja na kuchunguza. Wamekubali kwamba kila kitu kilifanywa sawasawa. Wamesema inaonekana kuna safu ya nne, isiyofuata mpango wa zile tatu, na kwamba hawajui inaelekea wapi wala inaishia wapi. Tutaanza upya kutoka mwanzo wa ukanda. Hilo ndilo jibu lao, na sina la kuwalaumu, maana hata mimi sina jingine.

Kaka, sasa nifikie kilichonifanya nishike kalamu.

Kwenye simu nimekuwa nikikwambia “kule kazini”, na wewe hukuwahi kuniuliza ni wapi, nami nilidhani ni heri ibaki hivyo. Ni nyuma ya kanisa lililovunjika mnara, penye kile kisima cha duara, unapotoka kwenye mivumo na kuikuta nchi wazi.

Unapajua. Siku ile ulipoachiwa kutoka kambi ya wafungwa, vita vilipokwisha, ulikula wali wa Mama bila kuinua kichwa, halafu ukanifuata nje nilikokuwa naosha vyombo. Ukaniambia nisije nikapita nyuma ya lile kanisa, hata kuokota kuni, hata kama wamesema pamesafishwa. Ukasema mlikaa pale msimu mzima wa mvua, na kwamba wewe ndiye uliyekuwa ukivibeba vile visanduku na kuvilaza. Ulisema “kuvilaza”, kana kwamba ni watoto. Hujalitamka tena, nami sikulitamka kwa mtu yeyote. Mama hajui. Bwana Ratnasingam hajui.

Usidhani nakuandikia kukuhukumu. Wapiganaji walipokuja kutaka mtu mmoja kutoka kila nyumba, walikuwa wamenikusudia mimi, na wewe ulitoka ukiwa na daftari la masomo ya jioni mkononi ukasema, nipeni dakika nivae viatu. Nilikuwa nyuma ya pazia. Kila siku niliyoishi tangu hapo ulininunulia wewe, na Abinaya pia. Siwezi kukukasirikia hata nikitaka, na usiku wa siku ile nilitaka sana.

Nakuomba tu ukumbuke. Hiyo safu ya nne mliiweka lini, kabla ya mafuriko au baada ya hapo? Inafuata handaki au inakwenda kisimani? Mlilaza kimoja kimoja, au viwili pamoja? Ichore kwenye karatasi yoyote, hata kama mistari yake haina hakika. Usiandike jina lako. Mpe Mwalimu arudi nayo, naye hatauliza. Nitasema nimeipata ramani hiyo kwa mzee mmoja ambaye hataki kutajwa, na hakuna atakayenibana, kwa sababu wote wanaitamani.

Najua huenda huwezi. Wifi aliwahi kuniambia kwamba mtoto akigonga kijiko kwenye sahani unatoka nje. Najua ilikuwa usiku, mvua inanyesha, na ulikuwa na miaka kumi na tisa. Kama hukumbuki, basi niandikie kwamba hukumbuki, nami nitaamini. Usininyamazie tu.

Mama anakutumia unga wa mizizi ya mivumo, mfuko ule mweupe, na anasema upikwe kwa samaki, siyo kwa hizo jibini zenu. Msalimie Wifi sana. Mbusu mtoto kwa niaba ya shangazi yake ambaye hajawahi kumshika.

Jumatatu tunarudi kwenye ule ukanda. Jeyarupa ameomba kijia cha Nageswari, amekataa kukiacha kwa mwingine. Leo tulipokuwa tunanoa vijiti ameniuliza kama ninadhani kuna kitu mbele yake. Nimemwambia sijui.

Mimi mdogo wako akupendaye,
Thavachelvi