Kadi Mbili katika Kasha Moja

Chumba cha mbele, nyumbani,
Jumapili, tarehe 14.

Mpendwa mwanangu, Kifungua Mimba wetu,

Salamu zikukute mzima wa mwili na wa akili. Mgongo wako unaendeleaje, na ile baridi uliyoilalamikia? Mkeo na wajukuu zangu hawajambo? Mimi shangazi yako ni mzima, isipokuwa goti la kulia, ambalo siku hizi lina maoni yake kila ninapopanda ngazi. Mama yako naye hajambo. Ubavu humuuma anapocheka, na kwa kuwa hatucheki sana, haumsumbui.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Kwenye simu ungenikatiza, nami ningekukatiza, tungemaliza salio kabla hatujafika kwenye jambo lenyewe. Barua haikatizwi. Keti usome.

Kwanza, kadi ya picha ya kompyuta uliyotutumia ni nzima. Najua mama yako alikwambia umetuletea kitu kibovu kilichotaka kuwaua wadogo zako. Nimemwambia aifute kauli hiyo. Kadi yako haina hata mkwaruzo. Kosa lina mwenyewe, nami nitakutajia, lakini acha nianze mwanzo.

Tangu kadi iwekwe, ule mchezo wa vita anaoucheza mdogo wako Cheche ulikuwa ukikatika. Unaanza vizuri: askari wanatembea, nyasi zinayumba, hata kutu kwenye bunduki unaiona. Wakifika darajani, moshi na watu vikizidi, picha inaganda, skrini inakuwa nyeusi, na mdogo wako anabaki akiutazama uso wake mwenyewe kwenye kioo. Kila mara ni darajani.

Alijaribu kila dawa. Aliufuta mchezo akaupakia upya mara tatu. Alipunguza ubora wa picha mpaka askari wakafanana na matofali. Alibadilisha draiva, ile programu inayoielekeza kompyuta namna ya kuitumia kadi. Alifungua ubavu wa kasha la kompyuta akaisimamishia feni ya mezani, sisi tukashinda na joto ili mashine ipate upepo. Haikusaidia kitu.

Bucha naye, akirudi kutoka kukata nyama za watu, huketi kwenye kiti kilekile akacheza ule mchezo wake mkongwe wa magari, saa mbili mfululizo, na haukatiki. Na unamjua mdomo wake. "Mashine inamjua mwenye adabu," alimwambia mdogo wake. "Wewe umezoea kuchomelea mageti, vitufe unavigonga kama nyundo." Cheche aliyameza maneno hayo wiki tatu. Mwishowe akaamini kwamba kaka yake huichokonoa mashine yeye akiwa kazini.

Kulikuwa na mashindano pia, yeye na wenzake wanne, kila mmoja nyumbani kwake. Kanuni ni kwamba timu ikikatikiwa mara mbili inatolewa. Jumamosi ya tarehe sita, saa tisa alasiri, walikatikiwa mara ya kwanza. Darajani.

Bucha alikuwa mlangoni, kisu chake cha kazi kimeviringishwa kwenye gazeti, ametoka kukinoa. Skrini ilipozima, akacheka. Alicheka tu. Cheche aliing'oa kibodi pamoja na waya wake akampiga nayo usoni, jino likaruka, vitufe vikatapakaa chumba kizima. Herufi K niliiokota siku ya pili chini ya kabati, ina damu.

Bucha alimkaba mdogo wake, akampigiza ukutani mpaka plasta ikadondoka. Mama yako aliingia kati, akasukumwa. Hajui na nani, wala wao hawajui. Aliangukia kona ya meza, na mlio wa ubavu ule niliusikia nikiwa jikoni. Nilipofika, kisu kilikuwa kimeshatoka kwenye gazeti. "Niachie shati, nitakukata," Bucha alikuwa akisema, kwa sauti ya chini kabisa, ile inayotisha. Cheche hakuachia. Alikidaka kisu kwa kiganja, upande wa makali. Mkono wa mchomeleaji umezoea glavu, ukasahau kwamba uko mtupu. Bucha akavuta.

Mimi nilikuwa nimeshika mchi wa kinu. Nilimpiga Bucha begani, upande wa kushoto, kwa nguvu zote alizonijalia Mungu, na mfupa wa mtulinga ukavunjika. Sijutii mtulinga. Najutia mengine.

Cheche alishonwa nyuzi kumi na tisa kwenye kiganja cha kulia. Vidole viwili vya mwisho havikunjiki, na mchomeleaji asiyeweza kukunja vidole ni mtazamaji wa moto wa wenzake. Bucha alipelekwa mahabusu mkono ukiwa umefungwa shingoni. Polisi wakasema Cheche afike Ijumaa aweke sahihi kwenye maelezo, kisha ndugu yake apelekwe mahakamani kwa kujeruhi. Cheche akasema atafika asubuhi na mapema.

Majirani wakapata la kusema: mchezo wa kuua umewafundisha kuua. Unajua kwamba mimi mwenyewe niliwahi kuandika hivyo gazetini, makala mbili ndefu, nikawatukana waliobisha. Sasa naona nilikuwa napiga porojo. Hawa hawakukatana kwa sababu mchezo una bunduki. Walikatana kwa sababu mchezo ulikatika na hakuna aliyejua kwa nini, na binadamu asipoijua sababu ya jambo humbebesha aliye karibu. Nitaandika makala ya tatu, niwape nafasi wale niliowatukana wanitukane.

Jumanne Cheche alimleta Fundi Miwani, yule anayetengeneza kompyuta karibu na posta. Hakumleta atengeneze. Alimsimulia habari za magari na za daraja ili atafute ushahidi, aandike kwamba Bucha aliiharibu mashine. Fundi aliinama kwenye kasha, miwani ikamteremka puani.

"Nani ameweka kadi mbili humu?"

"Mpya ni ya kaka yetu, katutumia," Cheche akajibu.

"Na hii nyingine?"

Fundi akaufuata waya wa skrini kwa kidole, taratibu, kama mtu anayefuata nyayo, mpaka ulipochomekwa. Ulikuwa kwenye kadi ya zamani.

"Haya," akasema. "Huyu wenu mpya mmemkaribisha ndani mkamnyima kiti. Feni yake inazunguka, taa inawaka, mkadhani anafanya kazi. Anayefanya kazi ni huyu mzee. Magari anayaweza. Watu mia na moshi juu ya daraja hawawezi, anazimia. Na draiva za hawa wawili kila moja inavuta upande wake. Hakuna mtu aliyechokonoa chochote hapa. Ila nani aliwaambia mmwache mzee humu?"

Mwanangu, ni mimi. Kadi yako ilipofika, Cheche alikuwa ameshafungua parafujo za ile ya zamani. Ile aliinunua kaka yangu, baba yenu, miezi miwili kabla hajafa, na mimi ndiye niliyefuatana naye dukani. Nikasema chombo cha marehemu hakitolewi humu ndani nikiwa hai. Kirudishwe kama kilivyokuwa, na waya wake kama ulivyokuwa, hicho kipya kitafutiwe nafasi pembeni. Wewe ulikuwa kwenye simu. Ulicheka ukasema nafasi ziko mbili, msibishane na Shangazi. Miaka yote hii nimepigania haki ya watu kubisha, na siku moja niliyohitaji kubishiwa, hakuna aliyethubutu.

"Kwa hiyo ni wewe, Shangazi," Cheche akasema.

"Ni mimi."

"Na Bucha hakugusa."

"Hakugusa."

Aliichomoa kadi ya baba yenu, akailaza kwenye kizingiti cha mlango, akachukua nyundo kwa mkono wa kushoto. Pigo la kwanza lilikosa, likapasua saruji. Saba yaliyofuata hayakukosa. Nilikuwa nimesimama pale pale, na vipande vilinigonga miguuni. Sikumzuia.

"Ile feni ningeihitaji," Fundi Miwani akasema, akauchomeka waya wa skrini kwenye kadi mpya.

Ijumaa nilimfuata Cheche kituoni, ulimi wangu umeshanolewa, tayari kubishana na serikali nzima. Sikupata nafasi. Askari wa zamu alimsogezea karatasi na kalamu. Cheche akauinua mkono wenye bendeji.

"Wa kuandikia ni huu."

"Basi weka dole gumba la kushoto," askari akasema, akafungua kidau cha wino.

Cheche akauingiza mkono wa kushoto mfukoni. "Huo si wa kuandikia. Daktari kasema miezi mitatu. Wa kulia ukipona, nitakuja."

"Kijana, bila wewe sina kesi."

"Nimekusikia, afande."

Walimtoa Bucha alasiri. Walirudi nyumbani kwa miguu, mmoja upande huu wa barabara, mwingine upande ule, na mimi katikati nikipigiwa honi.

Jana ilikuwa zamu ya timu kucheza tena. Kukatika kwingine, wanatolewa. Cheche hawezi kushika kipanya. Bucha, bila kuombwa, aliketi akakishika kwa mkono wake mzima. Cheche akasimama ubavuni kwake, mkono wake wa kushoto ukiwa kwenye kibodi ileile, vitufe vimerudishwa vyote isipokuwa K, ambayo ninayo mimi.

"Nenda kushoto, mjinga wewe. Nyuma ya gari. Piga."

"Nimepiga."

"Umempiga wa kwetu."

Wakafika darajani. Moshi ukaja, watu wakaja, risasi zikaja. Mama yako alijishika ubavu. Picha haikuganda. Askari wao alivuka akauawa hatua chache upande wa pili, mahali ambapo nyumba hii haijawahi kufika. Bucha akacheka, na pengo la jino lake likaonekana. Cheche akauinua mkono wa kushoto, na mimi nikaunyakua mchi.

Akauteremsha kwenye bega la kaka yake, lile ambalo halikuvunjika, akauacha hapo. "Anza tena," akasema. Hata hivyo mchi sikuuweka chini mpaka walipomaliza mzunguko wa pili.

Mwandikie Cheche, kwa jina lake si kupitia kwangu, umuulize kuhusu vidole. Mimi ananijibu kwa neno moja moja, na ni haki yake. Nawe ukiniona nakosea, usicheke. Nibishie.

Mama yako anakusalimu na anakuomba radhi kwa yale ya kadi. Bucha anakusalimu, Fundi Miwani pia, ingawa hamjuani. Nisalimie mkeo, na wale wadogo uwabusu kwa niaba yangu. Mungu aulinde mlango wako, na walio ndani yake awape subira ya kuuliza kabla ya kupiga.

Akupendaye, hata pale anapokuwa yeye ndiye kosa,

Shangazi yako.