Kamba ya Kiunoni

Jumatatu, 4 Machi

Leo kwenye meza ya kupara samaki tumemaliza kabla ya chai. Zamani tungepara mpaka mgongo ulie. Msimamizi anasema wiki ijayo ataita nusu yetu tu, samaki hakuna. Watatoka wapi? Matete yamefyekwa, mchanga unabebwa na malori kutwa — wazalie wapi, hewani?

Jumatano, 6 Machi

Mume wangu amewapata samaki! Wamejibanza kwenye mashimo waliyoacha wachimba mchanga. Kafurahi kama mtoto. Mimi hapana.

Yeye na mdogo wake huvua kwa miguu, bila mtumbwi. Huyo mdogo wake, shemeji yangu, anabaki ukingoni na kamba. Mume wangu anaingia na wavu, ncha ya pili ya kamba kaifunga kiunoni, anatembea juu ya fungu la mchanga analolijua tangu utoto. Sasa fungu lenyewe si ndilo linalopita hapa kwenye malori? Nimemwambia. Kacheka. Eti miguu yake inaujua mto kuliko ninavyolijua jiko langu. Mazoea yana taabu, baba.

Alhamisi, 7 Machi

Kaleta samaki wawili wakubwa. Shati limelowa mpaka kola. Pale pale ambapo maji yalikuwa yanamfika magotini! Eti aliteleza kidogo.

Naogopa. Nimemwomba kamba aishike mkononi tu. Hataki, mikono ni ya wavu. Basi nimemfunga kisu changu cha kuparia kwenye mkanda, aikate kamba ikimnasa. "Mke wangu, naenda kuvua au vitani?" Nikamwambia achukue kisu au anikute nimelala mlangoni.

Jumamosi, 9 Machi

Sikio la kufa — hapana. Nimefuta. Siandiki hiyo.

Shemeji kaja mbio peke yake. Kaka yake alikanyaga, chini hapakuwa na kitu. Wavu ukanasa kwenye kamba, ukamvuta. Kamba ilikuwa nzito mkononi mwa shemeji, mara ikawa nyepesi. Watu wa mitumbwi wanamtafuta kule mto unakoshukia. Kaniambia nisitoke, nikae na mama mkwe, bado hajui. Kaitupa kamba kizingitini, karudi mbio.

Siwezi kukaa bure, ndiyo maana naandika.

Mama mkwe anauliza kutoka chumbani mbona mwanawe mdogo hakumsalimia. Nimesema ana haraka.

Nimeishika ile ncha ya upande wa mume wangu. Haikuchanika. Imekatwa, safi, kwa kisu. Kisu changu! Ee Mungu, ina maana alikifikia. Lakini na maji yale —

Anauliza tena. Na mkubwa je, karudi?

Nimemjibu yuko njiani.