Kumwosha Mariamu

Kabeza, Alhamisi, Februari 1992

Bado nina hasira na Mama Hawa, na sijui nizipeleke wapi.

Jirani yetu Mariamu, aliyekuwa akiuza urwagwa, pombe ya ndizi, mlangoni kwake, amefariki alfajiri. Binti yake alikwenda msikitini kumwomba Mama Hawa, mkubwa wa wanawake wanaoosha maiti. Akamjibu mbele yetu wanawake tuliokuwapo: "Mimi nimeshika dini yangu. Mikono hii siitii huko. Watafute walevi wenzake."

Wengine wakainamisha macho. Binti alisimama tu, kanga ikimdondoka begani.

Mama mkwe wangu akainuka, akamshika binti mkono. "Twende, mwanangu. Maji iko?"

Tulimwosha sisi wawili na yule binti. Sikuwa nimewahi kugusa maiti. Mama mkwe alinielekeza taratibu, na kila alipomgeuza marehemu alimwita "dada".

Tulipomaliza kumvika sanda, Mama Hawa alikuwa nje, ameleta udi, macho mekundu. Mama mkwe akampisha aingie.

Nimefurahi kwamba Mama Hawa alikuja, lakini...

Kusema kweli, mimi ningemfungia mlango. Na ningejiona nimeitetea dini.