Champali za Babu Mlangoni

Nyanya,

Shikamoo. Nimeandika neno hilo kisha nikangoja, kama ulivyonizoesha. Hukuwahi kuniitikia upesi. Ulikaa vizuri kwanza, ukaweka mkongojo wako chini, ndipo ukasema marahaba.

Tangu tukuzike sijatulia. Nafagia uwanja, nauacha nusu, naingia jikoni, nasahau nilichofuata. Mama ananiambia, "Wewe, keti basi, wanitia kizunguzungu." Matokeo ya kidato cha nne yametoka na nimefaulu. Nilifurahi kwa muda mfupi tu. Nitakwambia kwa nini.

Wageni bado wanakuja. Tangu yachimbwe yale mabwawa mapya ya chumvi hapa Marereni, kila gari linashusha watu wenye mabegi wanaotafuta kibarua, na wengi hawana pa kulala. Mama anawapokea kama ulivyokuwa ukiwapokea, ila hapigi hesabu yako. Yeye ana macho. Wewe, mtoto wa jicho alipokuzidi, ulijua idadi ya wageni kwa champali zao. Walizivua mlango wa mbele, sisi wa nyumbani tukavua zetu uani. Kila alasiri ulipita na mkongojo ukizigusa jozi moja moja. Mikeka ilikuwa kumi na miwili, kwa hiyo zikifika jozi kumi na mbili ulisema, "Tumejaa, Alhamdulillahi."

Nyanya, filamu ya Dada Zawadi imekwisha. Unakumbuka alivyoshinda kwetu mwezi mzima na kamera yake, nami nikijificha stoo kila aliponitafuta anihoji. Ulimwambia, "Huyu mwache. Maneno yake yako ndani, yatatoka siku yake."

Jumapili waliionyesha katika ukumbi wa shule, madirisha yamezibwa kwa magunia ya chumvi. Nilikaa nyuma kabisa. Watu walicheka ulipomwambia yule bwana mkubwa wa kutoka bara, "Kiburi kivue hapo hapo na viatu, ndani hakina mkeka." Mama alilia na kucheka pamoja. Kisha akatokea yule mtu wa begi la kijani.

Nakuandikia kwa ajili yake.

Siku ile nilikuwa na wiki mbili kabla ya mtihani. Mkeka wa kumi na mbili ulitandikwa katika chumba nilichosomea, na ukiwa na mgeni mimi sikuwa na pa kuweka vitabu. Wageni walikuwa kumi na mmoja. Nikachukua champali za marehemu babu kule uani, nikazipanga mlango wa mbele pamoja na za wageni. Halafu nikaingia stoo na kitabu changu cha kemia. Nilisikia mtu akibisha hodi, nikasikia mkongojo wako, nikakusikia ukisema, "Tumejaa, mwanangu. Jaribu msikitini." Nikashusha pumzi, nikaendelea kusoma.

Nilidhani nimekudanganya. Lakini kamera ilikuwa mlangoni, na Jumapili niliona nisichokiona siku ile. Mkongojo ulifika jozi ya mwisho ukasimama. Uliinama, wewe ambaye magoti yako hayakukubali kuinama hata kwa sala, ukapapasa kisigino cha kushoto. Babu alikuwa akichechemea. Kisigino kile kimelika upande mmoja hadi kimebaki kama kipande cha kaimati. Ulikishika kwa muda. Kisha ukainuka, ukamwambia yule mtu nyumba imejaa.

Ulijua.

Ulijua, na jioni ile uliniletea uji chumbani, ukasema tu, "Soma, mjukuu wangu." Nilikunywa wote.

Ukumbini hakuna aliyejua kile kisigino ni cha nani. Walichoona ni bibi anayepapasa viatu kisha anamfukuza mtu. Mwanamke mmoja mbele yangu, wa wale wanaokwangua chumvi, alimwambia mwenzake, "Kumbe alikuwa akiwapima kwa viatu. Mwenye champali mbovu haingii." Mwenzake akajibu, "Ndiyo wema wa mbele ya kamera huo." Wakacheka kidogo. Nyanya, huyo mwenzake alikula kwako siku tisa. Nilitoka kabla taa hazijawashwa.

Sasa maneno hayo yako sokoni, na Mama ameacha kwenda kununua samaki.

Sijui yule mtu alilala wapi. Nimeuliza msikitini, nimeuliza mabwawani. Mzee mmoja anakumbuka begi la kijani likielekea njia ya Malindi, basi. Kila anayeshuka kwenye gari namtazama kwanza begi.

Leo alasiri wanaionyesha tena ile filamu, kwa wale waliokuwa zamu Jumapili. Asubuhi nilimfuata Dada Zawadi, nikamwomba kipaza sauti ikimalizika. Alinitazama kama niliyemwomba kamera yenyewe. Akasema, "Wewe?" Nikasema, "Mimi." Barua hii nimeiandika nikisimama na kukaa.

Nimezifunga champali za babu katika kanga yako. Nitaziweka juu ya meza, wakione kisigino, kisha niseme zilifikaje mlangoni na mkono ulioziweka. Nikishindwa na mengine yote, hilo moja nitalisema.

Mungu akulaze pema, Nyanya. Usiningoje kwa wasiwasi. Naahidi hivi: nikirudi nitazirudisha champali za babu uani, mahali pake. Na leo wageni ni kumi na mmoja. Mkeka wa kumi na mbili nimeshautandika, chumbani mwangu.

Mjukuu wako,
Mwanaisha