Uji wa Jumamosi

Kaka Edson, shikamoo.

Sasa hivi mwanangu Wema amevaa ile fulana ya kijani ya baba, ya chama chao cha kujitolea, inaburuta chini. Anazunguka wodini na kikombe kitupu, kila kitanda anasalimia kwa Kisukuma kama babu yake, "Mwangaluka, uji huu!" Wagonjwa wamecheka sana. Ameshaota meno kumi na sita.

Simu yako haipatikani, ndiyo maana nampa barua Mabula, anakuja huko kwako Buseresere na mzigo wa mchele. Baba amelazwa wiki ya pili. Unajua alivyokuwa, wiki nzima ni mhasibu kiwanda cha pamba, Jumamosi analeta uji hapa kwa wagonjwa wasio na ndugu. Miaka thelathini. Najua hujamsamehe hizo Jumamosi. Hata mimi nilizililia.

Juzi wenzake wa chama walimletea yeye. Akasukuma kikombe. "Mpeni asiye na mtu. Mimi mwanangu yuko njiani." Tangu hapo hagusi chochote. Daktari ameniita pembeni, anasema niite ndugu.

Kaka, nimemdanganya. Nimemwambia umeshafika Tinde, umekaribia kuingia. Akatabasamu, akaniambia nimnyoe ndevu.

Panda gari leoleo, usiniache na uongo huu. Kwa mkono wako atakunywa, mimi naamini. Uji nimeukoroga mwepesi, nimeufunika na sahani, bado una moto. Ukiingia tu, wewe mshike kichwa hivi, halafu

nesi ananiita, anasema Mama Wema acha hiyo barua njoo, ngoja kaka nika