Huguette Kalenga, Mkunga Uliyewatanguliza Wanafunzi

Mwaka umezunguka, Huguette wetu, tangu ulipotuacha asubuhi ile ya mvua hapa Kolwezi, na nyumba bado haijauzoea ukimya wako.

Ulikuwa unarudi kutoka zamu, unavua viatu mlangoni na kuwazuia watoto wasikurukie. "Ngojeni kwanza! Mama bado iko na hospitali kwa mwili." Ulinawa hadi viwiko, ukabadili nguo, ndipo ukafungua mikono. Watoto wa wachimbaji, wa madereva, wa wauza unga, wote walipokelewa duniani na mikono hiyo.

Kazini ulikuwa mkali kwa jambo moja. Sindano ikishatumika hairudishiwi kifuniko. Inakwenda moja kwa moja kwenye kisanduku chake. Visanduku vilipoisha, ulichukua kidumu kitupu cha mafuta ukakipaka rangi nyekundu. Wenzako waliokuita yaya, yaani dada mkubwa, walikutania.

"Yaya Huguette, unaogopa ka sindano kadogo?"

"Mi siogope sindano. Naogopa damu yenye iko ndani."

Chanjo ya homa ya ini ilipofika, haikuwatosha wote. Uliwasukuma wanafunzi wa ukunga mbele. "Batoto kwanza. Mi nitapata ya kuja." Ya kuja ilichelewa, Huguette. Hilo linatuuma mpaka leo, na hatutaliita bahati mbaya.

Ndipo akaja yule bibi kutoka Kasaji, akimuuguza mkaza mwana wake aliyejifungua. Kwetu familia ndiyo inayonunua sindano kwenye duka la dawa, na kitu mtu alichonunua ni chake. Bibi aliichukua ile iliyotumika, akaiviringisha kwenye kitenge cha mtoto ili arudi nayo nyumbani. Ulipokikunjua umfunike mtoto, ikakuchoma kidole. Ulinawa, ukamwambia mkubwa wa zamu, kisha ukarudi kwa mtoto aliyekuwa analia. Dawa ya kukukinga ilitafutwa, haikupatikana. Haikupita miezi mingi macho yako yakageuka manjano.

Stany, mdogo wako, alitaka kupanda pikipiki hadi Kasaji. Hasira ilimpanda. Ukamshika mkono kutoka kitandani.

"Stany, unaenda kumufanya nini mama wa watu?"

"Nimuulize kama anajua kitu alifanya!"

"Hajue. Hakuna mutu alimwambia. Hata mi sikumwambia. Ikala chini."

Akakaa chini. Hasira ilibaki, lakini tangu siku hiyo hakumtafuta bibi yule tena.

Tulipotoka kukuzika, mama yetu alimgeukia binti yako Joyeuse, aliyekuwa amebakiza mitihani ya mwisho ya uuguzi. "Ile bluzi yako nyeupe ya kazi, choma. Hospitali imekula mutu mumoja, inatosha." Stany alimuunga mkono kwa sauti kuliko wote. Joyeuse alifanya mitihani yake, akafaulu, akakaa nyumbani akipika na kufua kama mtu anayesubiri kuruhusiwa kupumua.

Mwezi uliopita alitoka asubuhi bila kuaga. Mama akamfuata kwa miguu, na sote tulijua anakwenda kumrudisha. Alimkuta hospitalini, kwenye foleni ya chanjo. Joyeuse alikuwa amekwisha kupata mbili bila sisi kujua.

Mama alisimama mbele ya muuguzi, bado anahema. "Hii njo ya mwisho?"

"Ndiyo, mama. Ya tatu."

"Itamuchunga?"

"Kwa ugonjwa huo, itamuchunga. Kwa mengine, achunge mikono."

Mama akamkunjia Joyeuse mkono wa gauni, yeye mwenyewe, akageuza uso pembeni wakati wa kuchomwa.

Wauguzi, wafagiaji na wafua mashuka mnaosoma haya: daini chanjo zenu kabla ya zamu inayofuata. Aliyechomwa asifiche. Waambieni wanaouguza wagonjwa kwamba sindano iliyotumika si mali ya mtu tena. Sindano ndiyo ya kutupwa; Huguette hakuwa wa kutupwa.

Joyeuse ameanza kazi Jumatatu, kwenye wodi yako ya wazazi. Mama alimpigia pasi bluzi. Alilia akiipiga pasi, lakini aliipiga.

Tunaokulilia na kujivunia wewe: mama yako Henriette Mulumba, binti yako Joyeuse, mdogo wako Stany, shangazi Tatiana wa Fungurume, na wakunga wenzako wote.

Hutatoka mioyoni mwetu, Huguette, siku zote tutakazoishi.